Nyumba "imepimwa" na nani? Kukadiria, kupima na kufuatilia nishati

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa huku Uingereza mtu kaposti picha ya cheti cha nishati cha flati yake mpya ya kaunsili, herufi B ya kijani inang'aa (A ndo bora kabisa, G ndo mbovu), chini kaandika "hii imepimwa jamani, haili umeme". Siku nne baadaye huyohuyo analalamika hela aliyoweka kwenye mita imeisha kabla ya Jumatano. Basi watu wakamvamia, mita mbovu, watoto wanaacha taa, nani kakwambia uchemshe maharage masaa matatu kwenye jiko la umeme, ushauri wa kila aina, na hakuna hata mmoja aliyeligusa lile neno la mwanzo. Ndugu yangu, haikupimwa hiyo. Imekadiriwa.

Nishalisikia kosa hili mara nyingi mno, kwa hiyo leo naandika.

Kufuatilia nishati ya nyumba ni hivi: unaweka mita na vihisi kwenye nyumba ambayo watu wanaishi kweli, vinasoma umeme, gesi, joto, unyevu na hewa kila baada ya dakika chache, unaviacha mwaka mmoja au miwili, halafu unalinganisha na namba aliyotoa mchoraji wa ramani kabla hata tofali la kwanza halijawekwa. Tofauti ya namba hizo mbili ndo wanaiita pengo. Basi, maana yake ndo hiyo.

Tabu iko kwenye maneno, maana Kiswahili kimetupa matatu na sisi tunatumia moja kwa yote.

Kukadiria limetoka Kiarabu, shina lake ndo lilelile la kadiri, la kadari, na la Lailatul Kadri, usiku wa makadirio, mambo ya mwaka yanapopangwa juu. Nadhani ndo maana mtu akiona namba kwenye cheti anaipokea kama majaliwa, imeandikwa, imepita. Lakini kadirio la binadamu ni hesabu ya mezani tu, ukinipa urefu wa ukuta na aina ya dirisha nakwambia joto kiasi gani litatoka, kwa sharti kwamba ukuta umejengwa nilivyoambiwa.

Kupima ni letu la Kibantu kabisa na ni neno la mikono. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, mvuvi akikwambia hapa pima kumi ujue kamba imeshuka hadi chini ikagusa mchanga, hakuangalia rangi ya maji akasema. Fundi ana pima maji, anailaza ukutani, kile kitone cha hewa kikienda pembeni basi ukuta umelala, hata ramani iseme umesimama. Kwa hiyo ukisema kitu kimepimwa unaniambia kuna kamba ilishuka.

Na kufuatilia ndo tamu zaidi. Kuna fuata, kuna fuatia, halafu fuatilia, ile -lia ya mwisho inaongeza ung'ang'anizi, sawa na shika na shikilia, tupa na tupilia. Anayefuata anaweza kukata kona akaenda zake, anayefuatilia haachii. Kupima mara moja siku ya makabidhiano siyo kufuatilia, hata kama waliokuja walivaa kofia ngumu.

Sasa rudi kwenye cheti. Kama nyumba ni ya zamani mkaguzi anakuja na futi yake, anaangalia boila, madirisha, dari, anapiga picha, anaingiza kwenye programu. Kama ni mpya mara nyingi inatoka kwenye michoro. Programu inajaza yenyewe kwamba sebule itakuwa nyuzi 21, na idadi ya watu inaikisia kutokana na ukubwa wa sakafu. Bili yako haiombi. Namba za mita yako haziangalii. Hata kama mnaishi saba mle na bibi anahisi baridi mwezi wa sita, programu haijui na wala haikuumbwa ijue, kazi yake ni kulinganisha nyumba na nyumba kana kwamba zote zina mpangaji mmoja wa kufikirika. Kwa kazi hiyo inafaa, silaumu cheti, nalaumu kitenzi.

Wengine watasema basi zile nyumba za kiwango cha Passivhaus, zinazojengwa zisivuje joto ili zihitaji kupashwa kidogo sana, ndo zimepimwa. Hapo kidogo mko sawa. Kiwango hicho kilianza Ujerumani, nyumba ya kwanza ilijengwa Darmstadt mwaka 1991, na huku Norwich kaunsili ilijenga mtaa mzima wa Goldsmith Street kwa mtindo huo ukashinda tuzo ya usanifu majengo ya Stirling 2019. Sharti moja ni mvujo wa hewa, wanafunga feni kubwa mlangoni, wanapuliza, hewa inayovuja isizidi mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa katika shinikizo la paskali 50. Hiyo imepimwa, sina ubishi. Ila ile namba maarufu, uniti 15 (yaani kilowati-saa) za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, hiyo ni kadirio. Zuri, la watu makini, lakini ni kadirio.

Kwa nini nang'ang'ana hivi? Kwa sababu ya ukuta wa katikati. Stamford Brook, mtaa wa nyumba mpya karibu na Altrincham, watafiti kutoka chuo cha Leeds Metropolitan (siku hizi Leeds Beckett) walikwenda kupima kweli. Nyumba zimeshikana, ukuta wa katikati una uwazi ndani, na hesabu za wakati ule zilisema ukuta huo haupotezi joto hata chembe, maana kwako joto, kwa jirani joto, litaenda wapi? Sufuri. Kumbe ule uwazi ulikuwa kama dohani, hewa inapata joto pande zote mbili, inapanda, inatokea juu darini, joto la nyumba mbili linaenda angani kimyakimya na kwenye karatasi bado ni sufuri. Kanuni za ujenzi za Uingereza zikabadilishwa mwaka 2010, ukuta wa hivyo usipojazwa na kuzibwa haupewi sufuri tena. Hicho kitu hakuna ambaye angekikadiria, ilibidi kamba ishuke.

Watafiti haohao walikwenda Elm Tree Mews kule York, nyumba sita za kisasa za taasisi ya makazi, wakapima moja wakakuta joto linalopotea limezidi kadirio kwa asilimia 54. Na angalia walivyopima: nyumba tupu, wakati wa baridi, hita za umeme zinaishikilia kwenye nyuzi 25 usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo, unahesabu umeme ulioingia. Hakuna mtu ndani. Hakuna maharage, hakuna bibi. Kwa hiyo wale wanaosema pengo ni ujinga wa wapangaji waniambie hapo mpangaji alikosea nini.

Si kwamba watu hawachangii. Na pengo halielekei upande mmoja tu, mwaka 2012 watafiti Sunikka-Blank na Galvin wa Cambridge walionyesha kwamba nyumba za Ujerumani kwa wastani zilitumia asilimia 30 pungufu ya hesabu, hasa zile mbovu, kwa sababu rahisi sana, mwenye nyumba mbovu haoni faida ya kuchoma hela akipasha vyumba vyote, anavaa sweta. Halafu siku nyumba ikikarabatiwa akiba iliyoahidiwa haitokei, maana ilihesabiwa kutoka kwenye bili ambayo hakuwahi kulipa.

Kufuatiliwa kwenyewe nakujua, maana mtaani kwetu nasi tulifungiwa viboksi vya vihisi, vyeupe, vidogo kama pakiti ya sigara. Karatasi ya Kiswahili waliyotuletea iliandika "tutakufuatilia kwa miezi ishirini na minne", hivyo tu, bila kusema tutafuatilia nini, basi jirani yangu wa Mombasa akakifunika cha kwake na leso mwezi mzima, akijua kinarekodi maneno. Simlaumu, hiyo -ku- ndo iliyoharibu. Mimi changu nilikuwa nakisoma, na nikagundua hewa ya chumbani asubuhi ni nzito kuliko ya sebuleni siku ya Idi watu wakiwa kumi na mbili. Kumbe feni ya hewa iliyo kabatini ilikuwa imezimwa na mtu kwa sababu ya mvumo wake, na filta imejaa vumbi la wakati wa ujenzi. Niliitoa, nikaikung'uta nje, nikaiwasha. Miaka miwili ikaisha wakaja kuvitoa, matokeo hatujaletewa hadi leo, yaani aliyeishi ndani ya jaribio ndo wa mwisho kujua majibu.

Ndo maana kwa yule ndugu wa grupu sikumwandikia mbele za watu, nilimfuata inbox. Nikamwambia hongera ya nyumba, dada, herufi B siyo mchezo, imekadiriwa vizuri. Ukitaka ipimwe, mita iko kwenye kabati la koridoni nyuma ya ubao wa kupigia pasi, andika namba kila Jumapili baada ya chakula, na uandike na nje kulikuwa na baridi gani. Kanijibu, "Nianze Jumapili hii au ijayo?"