"Laughed at by": vihusishi viwili vikikutana bila ugomvi

Ukisahihisha insha za Kiingereza za wanafunzi waliokulia ndani ya Kiswahili, kuna sentensi utakutana nayo mpaka uizoee: "The old man was laughed by the children." Sarufi yote imekaa sawa, ila kuna kineno kimepotea njiani. Mwite mwandishi, muulize "at" imekwenda wapi. Mara nyingi atakujibu kwamba aliiona, akaifuta kwa makusudi, maana "at by" inaonekana kama kosa la chapa.

Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, na ndiyo inayopoteza alama nyingi: kwamba vihusishi viwili, yaani vineno kama "at", "by" na "in", haviwezi kufuatana.

Vinaweza, kwa sababu kila kimoja kina bwana wake. "At" ni mali ya kitenzi: Kiingereza hakimcheki mtu moja kwa moja, kinasema "laugh at". "By" inamtaja mtenda tu. Kwa hiyo "The old man was laughed at by the children" ni Kiingereza safi, sawa na "She was looked after by her grandmother" na "The matter was dealt with by the headteacher". Kama una shaka, irudishe sentensi kwenye kauli ya kutenda: "The children laughed at the old man." Kihusishi kilichokuwepo hapo lazima kiwepo hata baada ya kuigeuza kuwa kauli ya kutendwa. Ukimwondoa mtenda, "by" inaondoka naye, lakini "at" inabaki palepale mwishoni: "He was laughed at."

Chanzo cha kosa si uzembe. Sisi tunasema "alichekwa", "alitunzwa", "lilishughulikiwa", na baada ya hapo kinachofuata ni "na" peke yake. Mwenye lugha ya namna hiyo akiona vineno viwili vimesimama nyuma ya kitenzi, lazima adhani kimoja kimezidi.

Dhana ya pili huanzia darasani. Tunafundishwa kwamba kauli ya kutendwa ni ya vitenzi vyenye yambwa, yaani kitu au mtu anayetendwa, kisha tunahitimisha kwamba "sleep", "sit" na "rain" haziguswi. Lakini "This bed has been slept in" ni sentensi ya kawaida kabisa, na Mswahili ndiye wa mwisho anayepaswa kuishangaa, kwa kuwa anasema kila siku: kitanda hiki kimelaliwa. "Lala" nayo haina yambwa. Tunachofanya ni kuingiza -i- ya kauli ya kutendea, tunapata "lalia", halafu tunaongeza -w-, tunapata "laliwa". Kiti kimekaliwa: "The chair has been sat on." Tumenyeshewa: "We were rained on." Nyumba imeingiliwa na wezi: "The house has been broken into." Ile -i- au -e- yetu ndiyo inayofanya kazi ya "in", "on" na "into". Yetu imemezwa na kitenzi. Yao imeachwa nje, inaning'inia kama mkia.

Kuna gharama ndogo ya kulipa, hata hivyo. Kiambishi chetu hakisemi kama umelala ndani, juu au pembeni. Muktadha unamaliza kazi. Kiingereza kinakulazimisha uchague, na uchaguzi wenyewe mara nyingi hauna mantiki ya kukisia. Kwa nini "deal with" na si "deal on"? Kitenzi na kihusishi chake vikaririwe pamoja kama neno moja, basi.

Aliyesomea kwa Kifaransa, kama ndugu zetu wengi wa Lubumbashi na Bukavu, afahamu kwamba njia ya Kifaransa haitamfikisha hapa. Kifaransa hakiwezi kumchukua aliye nyuma ya kihusishi na kumfanya kiima. Kinakwepa kwa kuanza na kiwakilishi chake "on" (si "on" ya Kiingereza), kana kwamba mtu fulani asiyejulikana ndiye aliyecheka. Kiswahili chake cha nyumbani kitamsaidia zaidi. Hata Kiingereza chenyewe hakikuzaliwa na muundo huu: Kiingereza cha Kale hakikuwa nao, ukaja kujitokeza katika Kiingereza cha Kati.

Sasa mtego. Mtu akishagundua kwamba "laliwa" na "slept in" ni ndugu, huamini kila "-iwa" na "-ewa" ina ndugu yake ng'ambo. Haina. "Nimeibiwa simu" huwa "I was stolen my phone", na msikilizaji anabaki kujiuliza wezi walikurudisha lini, kwa kuwa "I was stolen" maana yake walikubeba wewe. Katika Kiingereza kinachoibwa ni kitu: "My phone was stolen." Ukitaka kuanza na wewe mwenyewe, badilisha kitenzi: "I was robbed", au tumia "I had my phone stolen". "Amefiwa na mume" nayo haina njia ya moja kwa moja. Waingereza huweza kusema kwa mazungumzo "Her husband died on her", lakini hawaigeuzi. Watasema "She lost her husband" au "She was widowed". Neno letu "kufiwa", ambamo kifo cha mwingine kinampata aliyebaki, ni moja ya mambo mazuri ya lugha hii, na tukubali tu kwamba halisafiri.

Kosa gumu kuling'oa ni "I was explained the rule". Kwetu "nilielezwa kanuni" haina kasoro. Tatizo ni kwamba "explain" tayari ina yambwa yake, ambayo ni "the rule", na mtu huja nyuma ya "to". Yambwa ikiwepo, yenyewe ndiyo yenye haki ya kupanda na kuwa kiima. Aliye nyuma ya kihusishi anabaki alipo. Kwa hiyo: "The rule was explained to me." Ndivyo zilivyo "suggest" na "describe" pia. Lakini "tell" na "give" humpokea mtu bila kihusishi, kwa hiyo "I was told" na "I was given" hazina neno.

Isipokuwa, maana Kiingereza hakikosi isipokuwa, pale yambwa ilipogandana na kitenzi hadi vikawa kitu kimoja: "take care of", "take advantage of", "make fun of". Hapo aliye nyuma ya kihusishi hupanda bila shida: "The orphans were taken care of." Na bado unaweza kusikia "Good care was taken of the orphans". Zote mbili sahihi.

Je, kila kitenzi chenye kihusishi kinageuzwa? Hapana. "A decision was arrived at" inakubalika. "Morogoro was arrived at" inachekesha. Kitanda kikilaliwa shuka hujikunja, na uamuzi ukifikiwa mambo hubadilika, lakini mji wa Morogoro haukuguswa na kushuka kwangu kwenye basi. Pale kitu kinapoathirika, au kitenzi na kihusishi vinapojenga maana yao mpya, mlango hufunguka. "Belong to" na "consist of" hazifunguki kabisa. "The committee was consisted of five members" iandike "consisted of", uondoe "was".

Wapo pia wanaosema sentensi isiishie kwa kihusishi. Mshairi wa Kiingereza John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa hilo mwaka 1672, Jonson akiwa marehemu wa miaka mingi asiyeweza kujitetea. Mwaka 1762 mwanasarufi Robert Lowth naye aliona mtindo huo haufai kwa maandishi mazito, akaieleza hoja yake kwa sentensi iliyoishia na "to". Kwa kauli ya kutendwa ubishi huu hauna hata pa kushika. Unaweza kuandika "the man at whom they laughed" ukipenda makuu, lakini "At he was laughed" haipo duniani. Mkia hauna pengine pa kwenda.

Jambo dogo la mwisho: "look after" na "turn off" si jamii moja, ingawa zikitendwa zinafanana. Weka kiwakilishi uone: "turn it off", lakini "look after it". Na zipo zenye vineno viwili tangu mwanzo, kama "look down on". Ukiigeuza na kumtaja mtenda, yule mwanafunzi aliyeogopa viwili atakutana na vitatu kwa mpigo: "She was looked down on by her in-laws." Kiswahili kingesema alidharauliwa na wakwe zake, kikaendelea na safari.