Je, wajua kwa nini mtu anapona sumu ya nyoka ila mguu unakatwa?

Huku Uganda ukisikia mtu kagongwa na kifutu, yule mnene wa mabaka anayejilalia tu njiani, Waganda wanamwita essalambwa, wakati mwingine baadaye unasikia kapona ila mguu wamekata. Watu wanamlaumu daktari. Kumbe nyama ilianza kufa hata kabla boda haijafika hospitali.

Sumu yake ni mchanganyiko wa protini nyingi, na kuna aina mbili ndo zinamaliza nyama. Ya kwanza inakata mafuta yanayojenga utando wa nje wa seli ya msuli, sasa utando ukishatoboka kalisiamu inaingia ndani kwa fujo, msuli unajikaza kupita kiasi mpaka nyuzi zinachanika na seli inakufa, na hayo yanaanza ndani ya dakika tu. Ya pili inafanya kazi kwa msaada wa madini ya zinki, inakatakata kolajeni inayoshikilia kuta za mishipa midogo ya damu, ndo maana unaona malengelenge yamejaa damu na mguu umevimba mpaka ngozi inang'aa.

Mimi naona hii ya pili ndo mbaya zaidi. Manake msuli una seli zake za akiba, ukiharibika unaweza kuota upya, lakini bila damu seli hizo hazina pa kuanzia, basi panabaki kovu gumu au panaoza kabisa.

Tena haiishii mguuni. Msuli ukifa kwa wingi unamwaga potasiamu inayovuruga mapigo ya moyo, na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu, ambayo ikizidi inaziba vijifereji vya figo. Mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi, figo ziko hatarini.

Dawa ya hospitali inakamata sumu ambayo bado inazunguka, seli iliyokufa haiifufui, kwa hiyo kila saa ina maana. Jamani tafadhali, msimfunge kamba, kamba inaibana sumu sehemu moja na kuunyima msuli hata ile damu kidogo iliyobaki. Jiwe jeusi nalo halinyonyi sumu, linawapotezea muda tu. Mvueni viatu na pete mapema, asitembee, na mpige simu kwanza kuuliza dawa ipo wapi, manake si kila kituo cha afya kinayo.