Mama na kichanga kuzoeana: maswali ya wazazi wa Moshi

Nilipokabidhiwa mwanangu sikuhisi chochote zaidi ya uchovu. Je, nina kasoro?

Hapana. Wapo wanaotokwa na machozi ya furaha papo hapo, na wapo ambao, baada ya uchungu wa usiku kucha, hutamani usingizi kuliko kitu kingine chochote. Kwa wengi mapenzi hujengeka siku baada ya siku, katika kunyonyesha, kubembeleza na kubadilisha nepi.

Kwa nini mkunga huniwekea mtoto kifuani hata kabla hajaogeshwa?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto aliyezaliwa salama akaushwe na kulazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kwa muda usiopungua saa moja, na kuogeshwa kusubiri hadi saa 24 zipite. Akiwa hapo, joto lake, pumzi na mapigo ya moyo hutulia. Asipoharakishwa, hulamba midomo, huinua kichwa kidogo, kisha hujivuta taratibu kuelekea kwenye chuchu akiongozwa na harufu. Sauti yako anaijua tangu tumboni, na macho yake huona vizuri zaidi umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, ambao ndio umbali kutoka kwenye titi hadi usoni pako. Anaponyonya, mwili wako hutoa homoni ya oksitosini, ambayo husukuma maziwa, hubana mji wa mimba ili damu ipungue, na hukutuliza. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, yasimwagwe kamwe.

Mwezi Julai Moshi kuna baridi. Mtoto hataumia?

Kifua cha mama humpa joto ambalo blanketi peke yake haliwezi kumpa. Mvalishe kofia, soksi na nepi tu, mlaze katikati ya matiti, uso wake ukiwa umegeuzwa upande ili pua isizibwe, kisha mjifunike kwa kanga na blanketi. Usinzie tu pale ambapo yupo mtu wa kuwaangalia.

Na aliyejifungua kwa upasuaji?

Inawezekana pia, mama akiwa macho na hali yake ikiruhusu. Asipoweza, baba naye ana kifua.

Mtoto wangu ni njiti. Nimwache kwenye mashine?

Tangu mwaka 2022 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba njiti na wenye uzito mdogo wabebwe kwa njia ya kangaruu, yaani wakifungwa kifuani ngozi kwa ngozi, mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano ikiwemo Tanzania kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya mwezi wa kwanza kwa takribani robo.

Mama mkwe humchukua mtoto kutwa ili nipumzike. Nifanyeje?

Desturi ya Uchagani ya kumtunza mzazi ndani kwa miezi kadhaa, akiletewa mtori na kuepushwa kazi nzito, ni tunu ambayo wazazi wa miji mingine wangeionea wivu. Tatizo huja msaada unapoondoa mtoto badala ya kuondoa kazi, kwani mama anayeletewa mtoto wakati wa kunyonya tu hukosa nafasi ya kujifunza kwamba kufikicha uso ni usingizi, na kunyonya vidole ni njaa inayoanza. Mwambie kwa heshima: "Mama, naomba unisaidie kufua, mtoto niachie nimpakate kidogo."

Huzuni iwe ya namna gani ndipo niende hospitali?

Kulia bila sababu siku chache za mwanzo ni jambo la kawaida, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, ukakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au ukahisi kama huyu si wako, huenda ni sonona, nayo hutibika. Mweleze muuguzi wa kliniki bila kungoja hudhurio la siku ya 42. Mama mwenye mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.