"Look forward to" kwenye barua: dhana potofu na ukweli

Barua za maombi ya kazi zinazochapwa kwenye steshenari za Mwanga mjini Kigoma na za Kasulu, nyingine zikielekezwa kwa mashirika yanayohudumia wakimbizi, mara nyingi humalizikia hapa: "I look forward to hear from you." Kosa ni neno moja tu, ila limejengewa imani kadhaa.

Dhana: Baada ya "to", kitenzi hubaki kitupu.
Ukweli: Ni hivyo kwenye "want to go" na "hope to go". "To" ya hapa ni kihusishi, sawa na ile ya "go to Ujiji", na hudai nomino au kitenzi chenye -ing: "I look forward to your reply", "I look forward to hearing from you". Kiswahili nacho kinachangia, maana "kusikia" yetu ni kitenzi na ni nomino kwa umbo lilelile. Jipime hivi: ondoa kitenzi, weka "it". "I look forward to it" inakubali, basi andika -ing. "I hope to it" inakataa, basi kitenzi kibaki kitupu. Kipimo hiki hutenganisha hata pacha hawa wasumbufu: "He used to fish at Kibirizi", yaani zamani alikuwa akivua huko, na "He is used to fishing at night", yaani amezoea kuvua usiku.

Dhana: Simu haijapiga mstari mwekundu, kwa hiyo sentensi ni safi.
Ukweli: Mstari huo kwa kawaida hukagua tahajia. Utakunasa ukiandika "foward" bila r ya kwanza, lakini "hear" ni neno halali, kwa hiyo hupita.

Dhana: "Looking forward for" nayo inafaa.
Ukweli: Haifai. Hiyo "for" imehamia kutoka "wait for" na "look for". Wala usiangushe "from": "hearing you" ni kusikia sauti yako, si kupata majibu.

Dhana: "I am looking forward to" ni kosa.
Ukweli: Si kosa, ina ukaribu zaidi tu, kwa mwajiri usiyemjua "I look forward to" inatulia vizuri. Kinachoyumba ni "Looking forward to hearing from you," yenye koma, halafu "Yours faithfully". Barua za zamani ziliendelea na "I remain", ndiyo maana koma ilikuwa na kazi. Siku hizi andika sentensi kamili, weka nukta, kisha shuka mstari.

Dhana: Popote penye "tunatarajia", inaingia.
Ukweli: Sisi hutarajia mema na mabaya. "Look forward to" hubeba hamu. Ripoti ya mradi ikisema "We look forward to flooding along the lakeshore", msomaji ataelewa kwamba mnatamani Ziwa Tanganyika lifurike. Hapo andika "We expect flooding".