Ya babu yako siisugui

Juzi kaja kijana mwengine. Kafungua leso juu ya meza yangu, ndani mna saa ya mkono, Omega Seamaster ya miaka ya sitini, otomatiki, bodi ya chuma, uso uliokuwa mweupe na sasa una rangi ya chai ya maziwa. Ya babu yake, alikuwa baharia. Nikavaa lenzi jichoni, nikafurahi kimoyomoyo. Halafu akalisema lile neno.

"Ami, ipige polishi, na huo uso uupake upya. Nataka kuiuza. Ikiwa mpya si itapata bei zaidi?"

Huyo ni wa nne mwezi huu. Naandika hapa ili wa tano nimpe simu asome, mimi ninywe kahawa yangu.

Mtu akinijibu "ya kale ni dhahabu" namkubalia. Ila methali haikusema dhahabu hiyo ipigwe msasa.

Saa mpya ya bei na saa ya kale ya bei hazinunuliwi kwa sababu moja, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Anayenunua mpya ananunua utulivu wa moyo. Kioo cha yakuti hakichubuki ovyo. Springi ya nywele, ile nyembamba inayoongoza mapigo ya saa, katika baadhi yake imetengenezwa kwa silikoni, haijui sumaku ni kitu gani. Zile Omega zenye cheti cha METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, hupimwa kwa sumaku ya gausi 15,000, na zinatakiwa zisichelewe hata sekunde moja kwa siku, wala zisikimbie zaidi ya tano. Unapanda nayo feri ya Likoni mvua ya masika inapiga, huna habari. Mimi mwenyewe saa ninayovaa kazini ni ya kisasa, na sioni haya kusema.

Anayenunua ya kale ananunua ushahidi. Anataka kujua kwamba bodi hii, uso huu, akrabu hizi na mashine hii vilitoka kiwandani pamoja na vimezeeka pamoja. Ukisugua na kupaka, unafuta ushahidi. Unabaki na saa inayoingia maji kama ya kale na isiyo na historia kama mpya. Umekusanya hasara za pande zote mbili, na fundi umemlipa juu yake.

Tuanze na bodi. Chukua lenzi utazame pembe zake, pale mkanda unaposhika. Kiwandani walizikata kwa makusudi: juu mistari myembamba kama nywele, ubavuni kung'aa kama kioo, na baina yao ukingo mkali ambao ukipitisha ukucha unaukamata. Brashi ya mashine ya polishi haijui ukingo. Inakula chuma kama wimbi linavyokula mchanga: pembe inakuwa mviringo, mistari inatoweka, tundu za pini za mkanda zinasogelea ukingoni. Chuma kilichoondoka hakirudi. Najua kwa sababu nimekifanya. Mwaka wangu wa pili wa ufundi nililetewa saa ya mzee mmoja, pembe zake kali, nikaisugua mpaka ikawa kama kijiko cha Idi. Mzee alinishukuru sana. Mimi nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, na bado nikimwona mwanawe msikitini naangalia chini.

Sasa uso. Hapa naomba subira, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa.

Kuna saa zinazojulikana kwa wakusanyaji duniani kote kama saa za Bombay: HMT, Favre-Leuba, Seiko 5, West End, zilizopakwa uso upya kule India kwa rangi za harusi, nyekundu, kijani, zambarau. Hapa kwetu zimejaa, maana biashara yetu na Bombay haikuanza jana. Zile hazinisumbui. Zinajitangaza zenyewe. Zinazonisumbua ni zile zilizopakwa kwa adabu, nyeupe juu ya nyeupe, na mwenyewe anaapa ni halisi.

Tazama herufi. Maandishi ya kiwandani ni membamba, yamekaa juu ya uso kama tone la wino lenye kingo safi. Yaliyorudiwa yamevimba kidogo, yametambaa. Tazama vijistari vya dakika: kile cha saa sita mchana kinaangukia katikati ya alama yake ya chuma, au kimeteleza? Aliyepaka hakuweza kuzing'oa alama vizuri, akapiga rangi kuzizunguka, kwa hiyo kwenye mizizi yake utaona rangi imejikusanya kama vumbi pembeni mwa mlango. Kisha shuka chini kabisa. Kama pameandikwa T SWISS MADE T, hizo T ni tritiamu, ile rangi ya kuwaka gizani. Nusu ya nguvu yake hufa kila miaka 12 hivi. Saa ya miaka ya sitini yenye T ambayo leo inawaka usiku kucha imeshapitiwa na mkono wa mtu. Na kama ni ya zamani zaidi, ya radiamu, usithubutu kuukwangua uso huo: rangi imeacha kuwaka kwa sababu unga wake umechoka, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kufika nusu. Vumbi lake si la kuvuta.

Nikishamaliza kujigamba hivyo, nikiri: kuna nyuso zilizopakwa ambazo zimenipita. Mbili ninazozijua. Nisizozijua sina hesabu yake.

Na si mimi peke yangu. Novemba 2021, mnadani Geneva, Omega Speedmaster ya 1957 yenye uso uliobadilika kuwa kahawia iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 wakasema hadharani kwamba saa ile ilikuwa ya kuungaunga, vipuri vya saa mbalimbali vimekusanywa pamoja. Wenye jina la Omega ndio walioinunua. Sasa mimi na lenzi yangu ya Marikiti nitajidai nini?

Na ule uso wa kahawia wenyewe unanikosesha usingizi. Uso mweusi ulioungua kwa jua na rangi kuharibika, wakusanyaji wanauita wa kitropiki na wanaulipia zaidi. Uso ulioingia unyevu ukapata madoa wanaukimbia. Haya niambie: jua la Mombasa likiharibu ni uzuri, maji ya Mombasa yakiharibu ni ubovu. Nani kapima? Nadhani ni fasheni, na fasheni hugeuka. Pengine siku moja wajukuu wenu watazipenda zilizong'arishwa na kunicheka. Hata hivyo kilichoachwa leo kinaweza kusuguliwa kesho. Kilichosuguliwa hakiwezi kuachwa.

Vipuri navyo vina utata wake. Springi kuu ikikatika nabadilisha, hakuna anayelia. Nikibadilisha akrabu, vilio. Mpaka wangu ni huu: kinachofanya kazi gizani ndani ya mashine kibadilishwe, kinachoonekana kiachwe. Mpaka huo nimeuchora mwenyewe, ukinibana sana sitaufia. Wa saa mpya wasishangilie: makampuni mengi makubwa hayauzii vipuri fundi wa mtaani, kwa hiyo saa yako ya kisasa ikiugua itapanda ndege kabla ya kupona.

La maji nalimaliza upesi. WATERPROOF iliyochongwa nyuma ilikuwa kweli siku ile ilipotoka kiwandani. Mpira wa ndani sasa umekuwa lami. Usioge nayo, usishike nayo udhu, na huu unyevu wa kwetu usiufanyie mzaha. Saa ya kale inayolala droo moja mwaka mzima pwani hupata kutu kuanzia kwenye kijiti cha ufunguo. Ivae jioni, itie ufunguo, ifutwe jasho.

Turudi kwa kijana. Nilimweleza yote haya, na mengine zaidi, mpaka kahawa ikapoa. Tukakubaliana: nitafungua mashine, niioshe, niitie mafuta, nibadilishe mpira. Bodi haiguswi. Uso hauguswi. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeambiwa jino haling'olewi.

"Hata kioo, ami?"

Kioo, naam. Kioo cha saa zile ni cha plastiki, kilitengenezwa ili kikichubuka kisuguliwe, na kikipasuka kitupwe. Nikachukua kitambaa na dawa kidogo, nikakizungusha dakika tano. Mikwaruzo ya miaka sitini ikaondoka, na ile chai ya maziwa chini yake ikaonekana wazi na madoa yake yote.

Akaiinua juu kwenye mwanga, uso umemchangamka. "Si unaona, ami? Sasa imekuwa mpya!"