Asisti hazitoshi: pointi gadi bora, nikimtazama kutoka mezani

Ukitaka kujua mtu alianza kufuatilia kikapu lini, muulize pointi gadi bora wa wakati wote ni nani, yaani yule namba moja anayeongoza mashambulizi na kugawa mipira. Anayejibu Magic Johnson ana mvi, au alilelewa na mwenye mvi. Anayejibu Steve Nash alikuwa shule ya upili 2005. Wa Stephen Curry hata hangoji umalize swali.

Nairobi mabishano haya hayana msimu. Utayakuta kwa kinyozi, utayakuta kwenye matatu za Eastlands, na zaidi ya kote utayakuta kwenye viti vya ukumbi wa Nyayo, mechi moja ya ligi ikiwa imekwisha na nyingine haijaanza. Tangu Nairobi City Thunder wawe klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, wakacheza huko 2025, wabishi wameongezeka. Fainali za NBA, ligi kuu ya Marekani, huanza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, kwa hiyo asubuhi watu hufika kazini na macho mekundu na simu mkononi, tayari kwa vita. Silaha ya kwanza kutolewa huwa ileile: asisti, yaani pasi iliyozaa kikapu. Fulani ana nyingi kuliko fulani, basi, tumemaliza.

Hapo ndipo ninapolazimika kuingilia, maana asisti ndiyo kazi yangu. Mimi huketi meza ya takwimu katika mechi za ligi. Tunakuwa wawili: mmoja anatazama uwanja na kutaja kila tukio kwa sauti, mwingine anaingiza kwenye kompyuta. Namba ya jezi, pasi, namba ya jezi, mbili ndani, ribaundi, mpira umepotea. Ukikaa pale muda wa kutosha unagundua kwamba pointi huhesabiwa, lakini asisti huamuliwa. Kikapu kimeingia au hakijaingia, hilo halina mjadala. Lakini kama pasi ile ndiyo iliyozaa kikapu, hilo ni jicho la mtu, na jicho hilo lina sekunde moja hivi kabla mpira haujarudishwa mchezoni.

Kanuni zipo. Kwa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambalo ndilo tunalolifuata hapa, pasi ikimfikia mtu ndani ya eneo lililopakwa rangi chini ya kikapu na akafunga, ni asisti. Akiwa nje ya eneo hilo na akarusha bila kudunda, ni asisti. Akidunda, ninatazama kama ilimbidi amshinde mlinzi wake ana kwa ana. Kama ilimbidi, kikapu ni jasho lake mwenyewe. Halafu kuna kanuni ambayo NBA hawana: aliyepokea pasi akifanyiwa faulo wakati wa kurusha, na akaingiza angalau mtupo huru mmoja, mtoa pasi anaandikiwa asisti. Kwa hiyo pasi moja, ya mkono uleule na ustadi uleule, ni asisti Nairobi na si chochote Los Angeles.

Vijana hunijia baada ya mechi. “Mkubwa, ile pasi yangu ya robo ya tatu mbona haiko?” Ninamwambia, “Kijana wangu, uliyempa alidunda mara tatu na akampiga chenga mtu wake. Wewe ulimpa mpira tu, njia alijitafutia.” Huondoka amenuna. Lakini mara nyingi kijana huyohuyo ametoa pasi tano nzuri ambazo sikuziandika popote kwa sababu wenzake walikosa, na hizo haji kuzidai.

Sasa chukua rekodi ya asisti nyingi zaidi katika mechi moja ya NBA. Ni 30. Si ya Magic, si ya John Stockton, si ya Chris Paul. Ni ya Scott Skiles wa Orlando, tarehe 30 Desemba 1990, dhidi ya Denver. Sijawahi kumsikia mbishi hata mmoja akimtaja Skiles katika kumi bora, na wako sahihi. Denver ya msimu ule ilikuwa ikikimbia kama imeambiwa uwanja unafungwa, mpinzani anapata nafasi ya kurusha kila baada ya sekunde chache, na matokeo ya usiku ule yalikuwa 155 kwa 116. Ukiongeza idadi ya mitupo katika mechi, unaongeza kila kitu kinachohesabiwa. Ndiyo maana hata Oscar Robertson, ambaye msimu wa 1961-62 alipata wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa) na asisti 11.4, ninamsoma kwa tahadhari. Siku hizo timu moja ilikuwa ikirusha zaidi ya mara 100 kwa mechi, na katika msimu huohuo Wilt Chamberlain alikuwa na wastani wa pointi 50.4. Robertson alikuwa mkubwa, sibishani. Ila mwaka ule kila namba ilikuwa imefura.

Kama si asisti, basi ni nini? Mimi hutazama pengo. Namba moja akiondoka, timu inakuwa nini? Na akija, inakuwa nini? Ni kipimo chenye kasoro, maana timu haibadiliki mtu mmoja tu, lakini angalau hakitegemei jicho la mtu wa meza.

Stockton anakifaa vizuri sana kipimo hiki kwa sababu alikuwa hakosi mechi. Asisti 15,806, mpira wa kuiba mara 3,265, misimu 19, yote kwa Utah Jazz, na katika muda wote huo alikosa mechi 22 pekee. Kati ya hizo, 18 zilikuwa mfululizo mwanzoni mwa msimu wa 1997-98, alipokuwa akiuguza goti. Bila yeye Utah walishinda 11 na kupoteza 7. Aliporudi, walishinda 51 na kupoteza 13. Karl Malone, nyota mwenzake, alikuwepo pande zote mbili. Kocha alikuwa yuleyule, Jerry Sloan. Nikipewa ushahidi mmoja tu wa kumtetea Stockton, rekodi ya asisti nitaiacha mezani nichukue mechi hizo 18. Na bado hanitoshi kumweka wa kwanza. Timu ya 11 na 7 ni timu nzuri. Alichofanya ni kuigeuza nzuri kuwa bora, na fainali mbili, 1997 na 1998, zikaishia mikononi mwa Chicago.

Nash naye. Phoenix walishinda mechi 29 msimu wa 2003-04. Akaja, msimu uliofuata wakashinda 62. Mashabiki wake hukomea hapo, na ningekuwa mmoja wao ningekomea hapohapo, kwa sababu upande wa pili wa hadithi hauwapendezi: Dallas, alikotoka, walipanda kutoka 52 hadi 58 bila yeye. Kuna maelezo, mojawapo likiwa kwamba Phoenix ya kabla yake ilikuwa changa na imevurugika. Lakini pengo lililoachwa Dallas halikuonekana kwa macho.

Magic ndiye aliyenifunga mdomo.

Los Angeles Lakers walikuwa na Kareem Abdul-Jabbar tangu 1975, senta (yule mrefu wa chini ya kikapu) bora wa zama zake. Msimu wa 1978-79 walishinda mechi 47. Msimu uliofuata akaingia kijana wa miaka 20 mwenye urefu wa sentimita 206 anayependa kushika mpira, wakashinda 60 na ubingwa. Utasema kocha alibadilika pia, na ni kweli. Basi sogea mbele miaka kumi. Kareem alistaafu 1989. Msimu wa kwanza bila yeye, 1989-90, Lakers walishinda mechi 63. Soma tena: na Kareem bila Magic, 47, na Magic bila Kareem, 63. Kisha Novemba 1991 Magic akatangaza kwamba ana virusi vya UKIMWI na kwamba anaacha mpira, na timu iliyokuwa imeshinda 58 ikaanguka hadi 43. James Worthy, mwenzake, naye aliumia goti msimu huo, kwa hiyo anguko lote si la mtu mmoja. Hata hivyo nina mapengo mawili, moja la kuingia na moja la kutoka, miaka 12 katikati yake, na yote yanaelekeza kwa mtu yuleyule.

Watu wanaikumbuka mechi ya sita ya fainali ya 1980, Kareem akiwa ameumia kifundo, Magic akaanza nafasi ya senta na kupata pointi 42, ribaundi 15 na asisti 7. Mimi siitumii sana. Ni mechi moja, na mechi moja hata Skiles anayo. Kinachonivutia ni jambo la kila siku: kwa urefu ule alikuwa akiona juu ya mikono ya mlinzi wake. Pointi gadi wa kawaida hulazimika kujitengenezea dirisha la kupitishia pasi. Yeye dirisha alizaliwa nalo, na akiwa ameshika ribaundi mwenyewe, mashambulizi yalikuwa tayari yameanza wakati mpinzani anageuka kurudi. Wastani wake wa asisti 11.2 kwa mechi bado ni wa juu kuliko wote. Ndiyo, nimeitumia asisti. Nimesema haitoshi, sikusema itupwe.

Udhaifu wake unajulikana: kukaba gadi mwenye kasi hakukuwa kazi yake. Lakers walimpa Michael Cooper kazi hiyo. Mashabiki wa Isiah Thomas watanikumbusha pia 1989, Detroit yake ilipowafagia Lakers 4-0. Magic aliumia paja katika mechi ya pili, mwenzake Byron Scott hakucheza kabisa, lakini Isiah alishinda tena mwaka uliofuata na akawa mchezaji bora wa fainali. Kama kipimo chako ni moyo, chukua robo ya tatu aliyoicheza 1988 kwa kifundo kilichotetereka, pointi 25, na hatutagombana.

Tatizo langu kubwa ni Curry, na hapa meza ya takwimu inaniaibisha. Tazama shambulio la Golden State la miaka ile. Draymond Green anakuja kumwekea Curry kizuizi mbali kabisa na kikapu. Walinzi wawili wanamrukia Curry, kwa sababu wakimwachia nafasi hata mita tisa kutoka kikapuni ni pointi tatu. Anamwachia Green mpira katikati. Sasa Golden State wako wanne, walinzi waliobaki ni watatu. Green anapiga pasi kona, mtupo, umeingia. Mimi nikiwa mezani ningeandika: pasi ya Green, pointi tatu za aliye kona. Curry, aliyelivunja lile lango zima, jina lake halipo kwenye mstari huo.

Msimu wa 2015-16 walishinda mechi 73 na kupoteza 9. Curry alifunga mitupo ya pointi tatu 402 na kura zote za MVP, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, zilikuwa zake. Aliyeongoza timu kwa asisti? Green, 7.4 kwa mechi. Curry alikuwa na 6.7. Atakayemwondoa Curry kwenye mjadala kwa kumwonyesha safu ya asisti hajui safu hiyo hujazwaje. Tangu msimu wa 2013-14 NBA wana kamera katika kumbi zote, na sasa huhesabu hata pasi iliyotangulia pasi, lakini hakuna kamera iliyomfuata Magic.

Pengo la Curry nalo halisomeki. Alivunjika mkono mwanzoni mwa msimu wa 2019-20, timu ikaishia 15 kwa 50. Lakini Kevin Durant alikuwa ameondoka na Klay Thompson alikuwa majeruhi. Ushahidi huo siwezi kuupeleka popote.

Nikilazimishwa, basi, ninasema Magic, na sababu ni kazi yenyewe. Curry hulazimisha ulinzi ufanye uamuzi mbaya. Uamuzi unaofuata, wa nani apewe na lini, mara nyingi uliachwa kwa Green. Magic alifanya yote mawili, alivunja na akaamua. Anayesema Curry ni mchezaji mkubwa kuliko Magic nitamsikiliza hadi asubuhi. Lakini swali lilikuwa la pointi gadi. Kwetu pia tumezoea kumsahau aliyeamua: kila mtu anakumbuka mtupo wa Tylor Ongwae ulioiua Angola 74-73 kule Yaoundé, Februari 2021, na sijasikia mtu akiuliza mpira ulimfikiaje.

Wa sasa? Shai Gilgeous-Alexander alibeba MVP, ubingwa na tuzo ya fainali 2025, kwa wastani wa pointi 32.7. Huyo ni mfungaji aliyepewa mpira mapema, na ninamweka pembeni. Nikola Jokić anaifanya kazi ya namba moja kuliko wengi wao, ila ni senta, na mabishano yana mipaka yake. Ninayemtazama ni Tyrese Haliburton wa Indiana. Dhidi ya New York, mechi ya nne ya fainali ya Mashariki 2025, alipata pointi 32, ribaundi 12, asisti 15, na hakupoteza mpira hata mara moja. Mwezi mmoja hivi baadaye kano ya kisigino ikakatika katika mechi ya saba ya fainali, na Indiana wakatangaza kwamba hatacheza msimu wote wa 2025-26. Kwa mtu wa kupima mapengo, hiyo ingekuwa nafasi adimu. Halafu Myles Turner, senta wao wa miaka kumi, akahamia Milwaukee kiangazi kilekile, na hesabu yangu ikachafuka kabla haijaanza.