Kijana anachukua nini kwa msanii wa emo rap?

Vijana wengi wanaorekodi muziki magetoni hapa Mtwara, Masasi hadi Newala wanawasikiliza Lil Peep na Juice WRLD, wasanii wa Marekani wa emo rap, yaani rap ya huzuni na maumivu ya moyoni. Wazazi hutujia na swali: je, huo muziki ndio unaowatia watoto wetu huzuni? Sisi wa afya ya akili tunaanza kwa kuangalia kijana anachukua nini kwa msanii anayempenda.

Anachukua ufundi, na ufundi huo umepokezanwa. Mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mama yake, rapa wa Marekani Kanye West alitoa albamu ya upweke, akiimba kwa sauti iliyonyooshwa na kompyuta. Rapa mwenzake, Kid Cudi, alishiriki humo, na mwaka 2009 akatoa albamu yake. Baadaye Lil Peep akaweka gitaa la huzuni juu ya biti za trap, mtindo wa rap wenye ngoma nzito, akajirekodi chumbani na kupakia nyimbo kwenye mtandao wa SoundCloud bila kungoja kampuni. Kwa kijana aliyenunua maiki kwa fedha za korosho, huo ni mfano mzuri kabisa.

Anachukua pia uwazi. Huku kwetu mvulana akilia huambiwa ajikaze. Wapo wanaoshindwa kutueleza kinachowasumbua, lakini wakatuwekea wimbo kwenye simu, na mazungumzo yakaanzia hapo. Siwezi kuulaumu muziki unaomfungua mtu kinywa.

Ninachokiogopa ni dawa. Lil Peep alikufa Novemba 2017 akiwa na miaka 21, kwa fentanili, dawa kali ya maumivu, na alprazolamu, kidonge cha kutuliza wasiwasi. Mwaka uliofuata Juice WRLD aliimba kumwomboleza, akasema kizazi chao hakivuki miaka 21. Naye alifariki tarehe 8 Desemba 2019, siku sita baada ya kutimiza miaka 21, kwa oksikodoni na kodeini, ambazo nazo ni dawa za maumivu za jamii ya fentanili. Dawa za jamii hiyo hupunguza kasi ya kupumua. Zikichanganywa na vidonge vya usingizi au pombe, mtu anaweza kulala asiamke. Na wadogo zangu, kipaji hakikutoka kwenye vidonge. Juice WRLD alijifunza piano tangu utotoni, na kuchana papo kwa papo alikufanyia mazoezi miaka mingi.

Mfano wa kuigwa zaidi ni wa Kid Cudi. Oktoba 2016 aliwaandikia mashabiki wake waziwazi kwamba amekwenda kutibiwa sonona na mawazo ya kujiua, na wanaume wengi wakaanza kusema yao mitandaoni.

Maprodyuza, ninyi ndio mnaosikia mistari kabla ya mzazi na kabla yetu. Dogo akiimba kuhusu kufa, zima mashine umuulize: "Mdogo wangu, haya ni ya wimbo tu, au unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake. Mpeleke Hospitali ya Ligula, au Sokoine kama mko Lindi, mkiwa pamoja na mtu anayemwamini.